Makosa ya Mwanafunzi Yarudi Darasani: Tamko la Walimu wa Hisabati wa Kampala

Kwa walimu wenzetu, wakuu wa shule, wazazi, Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), Wizara ya Elimu na Michezo, Baraza la Taifa la Mitihani la Uganda (UNEB), Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala (NCDC), vyuo vya ualimu, wachapishaji wa mitihani na vyombo vya habari.

1. Utangulizi

Sisi, walimu wa hisabati wa shule za msingi na sekondari, za serikali na za binafsi, katika tarafa zote tano za jiji la Kampala, yaani Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, tulioungana katika chama chetu cha kitaaluma, tunatoa tamko hili kuhusu jambo moja: yanayofanyika, na yasiyofanyika, baada ya mtoto kukabidhi karatasi yake ya mtihani wa hisabati.

Kila muhula mwanafunzi wa Kampala hupimwa hisabati mara tatu kwa kawaida: muhula unapofunguliwa, katikati, na unapofungwa. Aliye P7, yaani darasa la saba la msingi, huongezewa mitihani ya majaribio, na zipo shule zinazotoa jaribio kila wiki. Walimu husahihisha hadi usiku wa manane, alama huingizwa kwenye ripoti, nafasi hupangwa, mzazi hutia saini. Baada ya hapo mwalimu hufungua mada inayofuata katika azimio lake la kazi na kuendelea kana kwamba hakuna aliyepimwa.

Msimamo wetu ni kwamba upimaji wa hisabati haujakamilika mpaka umebadili somo linalofuata. Alama ziende kwa mzazi, kwa mkuu wa shule na kwa wizara. Hatuna ugomvi na hilo. Lakini makosa ya mtoto lazima yarudi darasani, kwa mwalimu yuleyule na mtoto yuleyule, wangali na muda wa kuyashughulikia.

Tumelitoa tamko hili kwa Kiswahili ili liwafikie pia wenzetu wa nchi jirani za Afrika Mashariki, wanaofundisha somo hilihili katika madarasa yanayofanana sana na yetu.

2. Takwimu zilizopo na kazi ya kila moja

Uganda hujipima, na imejipima kwa muda mrefu. UNEB, iliyoanzishwa mwaka 1983, husimamia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi (PLE) na mitihani miwili ya sekondari, UCE na UACE. Tangu mwaka 1996 Baraza hilohilo huendesha tathmini ya kitaifa ya maendeleo ya elimu, NAPE, kwa kupima sampuli ya wanafunzi wa P3 na P6, na baadaye wa kidato cha pili. Tangu mwaka 2010 tathmini ya Uwezo imekuwa ikipita nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto maswali ya kiwango cha P2, kuanzia kutambua namba hadi kugawanya, bila kujali mtoto yuko darasa gani.

Nchi yetu ilishiriki pia katika upimaji wa SACMEQ, unaolinganisha wanafunzi wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika. Wastani wetu katika hisabati ulikuwa 506 mwaka 2000, ukashuka hadi 482 mwaka 2007. Katika kipindi hichohicho Tanzania Bara ilipanda kutoka 522 hadi 553.

Takwimu hizi zina thamani kubwa, na tunazitetea. Waziri anayepanga bajeti anahitaji kujua kwamba wastani umeshuka. Ila kila kipimo kina kazi yake. NAPE hupima sampuli, kwa hiyo haiwezi kumwambia mwalimu wa Makindye habari za watoto wake. Uwezo humpima mtoto nyumbani, na ripoti yake huzungumzia wilaya na taifa. PLE hupima kila mtahiniwa, lakini hufanyika Novemba na matokeo yake hutoka mwaka mpya, wakati mtoto ameshaondoka shuleni na mwalimu wake ana watoto wengine. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kilichobuniwa kumwelekeza mwalimu afundishe nini Jumanne ijayo.

Kazi hiyo imebaki kwa mitihani na majaribio ya shuleni, na huko ndiko tunakoona upotevu mkubwa zaidi. Shule nyingi hununua mitihani ya muhula kutoka kwa wachapishaji. Karatasi huja ikiwa tayari, pamoja na majibu sahihi na mgawanyo wa alama. Haiji na maelezo ya stadi ipi inapimwa na swali lipi, wala jibu fulani lisilo sahihi linaashiria nini. Mwalimu huishia kujumlisha alama tu, kwa sababu karatasi yenyewe haikuundwa kwa kazi nyingine.

3. Alama moja, matatizo tofauti

Tunaomba wasiofundisha hisabati wavumilie kidogo tuwaonyeshe jambo hili kwa karibu, kwa kuwa msimamo wetu wote umesimama juu yake.

Karatasi ya hisabati ya PLE ina maswali 32. Sehemu A ina maswali mafupi 20 yenye jumla ya alama 40; Sehemu B ina maswali 12 marefu zaidi yenye alama 60. Tuseme watoto wawili wamepata 40 kwa 100. Wa kwanza amepata Sehemu A yote na kuambulia sifuri Sehemu B. Wa pili amepata 14 katika A na 26 katika B. Kwenye ripoti wako sawa. Kwa mwalimu, hawa ni watoto wenye mahitaji yanayopishana: wa kwanza anazimudu hesabu fupi, lakini swali lenye maelezo ya mistari minne na hatua tatu linamshinda, wa pili anaweza kufikiri hatua kwa hatua, ila misingi inamponyoka. Somo moja la marudio kwa wote wawili litampotezea muda mmoja wao, na huenda likawapotezea wote.

Tushuke hadi P4. Mwalimu ametoa swali la 402 − 178, ambalo jibu lake ni 224. Daftari moja limeandikwa 376, jingine 324, la tatu 234. Yote matatu yamepata mkasi mwekundu na sifuri.

Aliyeandika 376 ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kwenye kila nafasi, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Huyu bado hajui kukopa, na pengine kwake 402 ni tarakimu tatu zilizosimama bega kwa bega tu, wala si idadi moja. Aliyeandika 324 anajua kukopa na ameigeuza sifuri kuwa 9, lakini mamia manne ameyaacha manne. Hajajiuliza mkopo huo ulitoka wapi. Aliyeandika 234 amekopa vizuri kutoka kwenye mamia, 4 ikawa 3 na sifuri ikawa 10, kisha nafasi ya makumi ikaikopesha ya mamoja, naye akasahau kwamba 10 imebaki 9.

Wa kwanza anahitaji vijiti na mafungu ya kumikumi, na pengine wiki nzima ya thamani ya nafasi. Wa pili anahitaji kuketi na mwalimu na kueleza kwa mdomo kila alichokopa amekitoa wapi. Wa tatu anahitaji mazoezi machache na mazoea ya kuhakiki: akijumlisha 234 na 178 atapata 412, atajua mwenyewe kuna kitu kimekwenda mrama. Ukiwapa wote watatu maswali mengine 20 ya kutoa, wa kwanza atarudia kosa lake mara 20 na kulizoea.

Hili si jambo la kubahatisha. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchambuzi wa makosa ya watoto katika hesabu za kutoa, wakaonyesha kwamba mengi hayatokani na uzembe. Mtoto hufuata kanuni, tena kwa uaminifu; tatizo ni kwamba kanuni yenyewe ina kasoro. Mwalimu anayeijua kanuni hiyo anaweza kutabiri jibu la swali linalofuata kabla mtoto hajashika kalamu.

Ndivyo ilivyo katika mada nyingine. Anayejumlisha ½ na ⅓ akapata ⅖ amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, na hajaona kwamba jibu lake ni dogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Anayesema 0.35 ni kubwa kuliko 0.4 ameilinganisha 35 na 4 kama namba nzima. Kila kosa kati ya haya lina somo lake, na masomo hayo hayafanani.

Kuna kosa jingine ambalo hapa Kampala hatuwezi kulipuuza. Mtaala wa madarasa ya mwanzo ulioanza mwaka 2007 unaelekeza watoto wa P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, lakini mijini, ambako benchi moja huketi watoto wa lugha nne, shule huruhusiwa kutumia Kiingereza, na nyingi zetu hufanya hivyo. Mtoto anapokosa swali la mafumbo, huenda hesabu hakuifikia kabisa. Alikwama kwenye sentensi. Njia ya kujua ni rahisi: msomee swali hilohilo kwa sauti, kwa Luganda, Kiswahili au lugha yoyote anayoijua vyema. Akilipata bila msaada mwingine, hana haja ya somo jingine la kuzidisha. Ana haja ya kufundishwa kusoma swali.

4. Kwa nini sasa

Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Ingawa madarasa ya mitihani na mengine machache yalirudi kwa vipindi, hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko sisi. NCDC iliandaa mtaala uliofupishwa, na watoto wakapandishwa madarasa. Waliokuwa wadogo wakati ule ndio walio madarasa ya juu ya msingi na mwanzo wa sekondari hivi sasa. Mapengo waliyobaki nayo, hasa katika thamani ya nafasi, jedwali la kuzidisha na sehemu, hayakujazwa kwa kupanda darasa.

Hata bila janga lile, utaratibu wa kupandisha darasa bila kurudia, unaoambatana na elimu ya msingi kwa wote iliyoanza mwaka 1997, unamaanisha kwamba chumba kimoja cha P5 kina watoto wa viwango vingi. Hatudai utaratibu huo ufutwe; kumrudisha mtoto darasa humfukuza shule zaidi ya kumfundisha. Tunachosema ni kwamba nchi iliyochagua kumpandisha kila mtoto imejitwika wajibu wa kujua kila mtoto amefika wapi.

Nchi nyingine zimeonyesha njia. Shirika la Pratham la India lilibuni utaratibu wa kumpima mtoto kwa mdomo dakika chache, kisha kumfundisha kwa sehemu ya siku katika kundi la kiwango chake badala ya darasa lake. Zambia iliuanza kwa majaribio mwaka 2016 na kuueneza katika shule za serikali. Hapa Uganda shirika la Building Tomorrow limeutumia katika programu yake ya madarasa ya kuinua watoto waliobaki nyuma. Kinachotuvutia katika kazi hizo ni udogo wa kipimo: maswali machache, karatasi moja, na kesho yake mtoto yuko katika somo linalomfaa.

Katika sekondari, mtaala mpya ulioanza na kidato cha kwanza mwaka 2020 umetenga asilimia 20 ya alama za mwisho kwa tathmini endelevu ya shuleni, na watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya UCE mwaka 2024. Tunaunga mkono shabaha yake. Lakini tathmini endelevu ikigeuka kazi ya kujaza alama kwenye mfumo ili ziende UNEB, itakuwa mtihani mwingine wenye jina jipya. Uendelevu wake upo pale ambapo kazi ya mwezi huu inabadili ufundishaji wa mwezi ujao.

5. Misingi tunayoisimamia

(a) Matokeo yaandikwe kwa stadi, sambamba na jumla. Mwalimu anapaswa kuona kwa kutupa jicho mara moja nani ameweza kutoa kwa kukopa, nani anakaribia na nani hajaanza.

(b) Yarudi mapema. Jaribio lililorudishwa baada ya wiki tatu hukuta darasa limeshahama. Tunaona wiki moja iwe kikomo, na kwa majaribio mafupi siku mbili.

(c) Stadi isihukumiwe kwa swali moja. Mtoto anaweza kukosea kwa uchovu au kupata kwa kubahatisha. Maswali matatu au manne ya stadi moja ndiyo yanayoanza kusema kweli.

(d) Vilinganishwe vinavyolingana. Mtoto aliyepata 62 katika mtihani wa kufungua muhula na 55 katika wa kufunga hajathibitishwa kuwa ameshuka, ikiwa karatasi hizo ni za wachapishaji wawili na ugumu wake unatofautiana. Vilevile wastani wa darasa ni kifuniko: madarasa mawili yenye wastani wa 50 yanaweza kuwa moja la watoto wanaokaribiana, na jingine la nusu waliopata 80 na nusu waliopata 20.

(e) Makundi yawe ya muda. Mtoto aliye katika kundi la sehemu wiki hii anaweza kuwa anaongoza katika maumbo wiki ijayo. Kundi lisilobadilika mwaka mzima huwa jina la kudumu, na mtoto hulivaa.

(f) Takwimu za mtoto zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inahusu shule pia. Orodha ya majina na alama iliyobandikwa kwenye ukuta wa korido haimfundishi yeyote.

6. Tunayoyakataa

Tunakataa matokeo ya hisabati kutumiwa kama fimbo ya kumchapia mwalimu. Mfumo wa TELA tayari unafuatilia mahudhurio yetu na ufundishaji wetu, nasi hatukatai kuwajibika. Lakini mwalimu akijua kwamba wastani wa darasa lake utaamua uhamisho au mkataba wake, ataficha makosa badala ya kuyatafuta. Mficha maradhi, kilio humfichua, na hapa kilio kitasikika katika PLE, au katika kidato cha pili, mtoto anapogundua kwamba aljebra imesimama juu ya sehemu ambazo hakuwahi kuzielewa.

Historia ina ushahidi. Mwaka 1862 Uingereza iliamua ruzuku ya shule itegemee watoto watakavyofanya mbele ya mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Walimu wakafundisha yale tu ambayo mkaguzi angeuliza, na watoto wakakariri. Utaratibu huo ulikuja kuachwa kabla karne ile haijaisha, baada ya kuwaumiza watoto ambao ulidai kuwasaidia.

Tunakataa pia kuwapanga watoto nafasi kuanzia wa kwanza hadi wa 90 kama ndiyo shabaha ya upimaji. Nafasi ya 47 haimwambii mzazi wala mwalimu cha kufanya. Tena tunakataa mazoea ya kuwatenga watoto wa P7 walio dhaifu katika hisabati ili wasiharibu idadi ya Daraja la Kwanza la shule. Hao ndio ambao matokeo yalipaswa kuwahudumia kabla ya wengine.

7. Inavyowezekana katika darasa kubwa

Tutaulizwa: katika darasa la watoto 80, nani ana muda wa kuchambua makosa ya kila mmoja? Swali ni la haki, na tunalijibu kwa utaratibu ambao hauhitaji kompyuta wala fedha.

Mwalimu hutoa maswali matatu au manne ya stadi moja kwenye kipande cha karatasi, robo ya ukurasa. Anaposahihisha hajumlishi alama kwanza. Anachukua swali moja lililochaguliwa kwa makini, kama lile la 402 − 178, na kupanga vipande mezani kwa mafungu kufuata jibu lililoandikwa: sahihi upande huu, 376 pale, 324 na 234 kando, na fungu la majibu yasiyoeleweka au yasiyoandikwa. Kwa darasa la 80, kazi hiyo humalizika kwa kikao kimoja, na mara nyingi ni nyepesi kuliko kujumlisha alama za karatasi nzima. Mafungu makubwa mawili au matatu hujionyesha yenyewe.

Kipindi kinachofuata huanza na kosa lililoenea zaidi, likiandikwa ubaoni bila jina la mtu, na darasa huulizwa aliyeandika hivi alifikiri nini. Kisha walioweza hupewa maswali ya mafumbo wafanye wawiliwawili, na mwalimu hukaa na fungu linalohitaji vijiti. Mwisho wa wiki hutolewa maswali mawili ya namna ileile. Walioweza huhamishwa, waliobaki huandikwa kwenye daftari la mwalimu, na daftari hilo hukabidhiwa mwalimu wa darasa linalofuata mwaka unapokwisha.

Fungu la majibu yasiyoeleweka lisitupwe. Watoto hao, ambao huwa wachache, waitwe mmoja mmoja waeleze kwa mdomo walivyofanya. Dakika mbili za kumsikiliza mtoto akieleza hesabu yake humwonyesha mwalimu mambo ambayo karatasi iliyaficha.

8. Ahadi zetu

Kama chama, tunajifunga kwa haya:

Tutakusanya na kusambaza bure hazina ya maswali ya hisabati ya P3 hadi kidato cha pili, kila swali likiwa na stadi inayopimwa, majibu yasiyo sahihi yanayotokea mara kwa mara na maana yake.

Tutakutana kila muhula kwa tarafa, tukiwa na karatasi halisi za watoto zilizoondolewa majina, kujadili makosa na namna ya kuyafundisha. Vikao hivyo viko wazi kwa mwalimu yeyote wa Kampala, mwanachama au la.

Chama hakitauza mitihani, wala hakitaruhusu jina lake litumike katika biashara hiyo.

9. Wito wetu

*Kwa wakuu wa shule:* wapeni walimu wa hisabati muda uliotengwa kwenye ratiba ya wiki wa kuchambua kazi za watoto pamoja. Mkikagua madaftari, ulizeni kilichobadilika baada ya jaribio kabla ya kuuliza wastani.

*Kwa KCCA:* wasaidieni walimu wa shule jirani wakutane, na maofisa wa elimu wanapotembelea shule waangalie jedwali la stadi la darasa pamoja na rejista. Msongamano wa wanafunzi katika shule za serikali za jiji nao ni suala la upimaji. Hakuna ufundi wa kuchambua makosa unaoweza kuziba uhaba wa vyumba na walimu.

*Kwa UNEB:* ripoti za kazi za watahiniwa, zinazoeleza maswali yaliyowashinda na makosa waliyofanya, ni hazina. Zifupishwe kwa somo, zitolewe bure na zifike kila shule ndani ya muhula wa kwanza. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huchapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo na kuuweka wazi kwa umma. Mfano huo uko karibu nasi. Tunaomba pia kila shule ipewe matokeo yake ya PLE na UCE swali kwa swali, bila majina, pamoja na madaraja.

*Kwa NCDC na Wizara:* tengeni ndani ya kila muhula wiki ya kurekebisha, ambamo hakuna mada mpya inayotarajiwa katika hisabati. Mwalimu anayeshindana na kalenda hawezi kusimama kumsubiri mtoto, hata akijua tatizo lake.

*Kwa Chuo Kikuu cha Kyambogo na vyuo vyote vya ualimu:* mwanachuo asihitimu kufundisha hisabati kabla hajachambua karatasi za watoto halisi na kueleza atafundisha nini kutokana nazo.

*Kwa wachapishaji wa mitihani:* kila karatasi ya hisabati iambatane na jedwali la stadi kwa swali na maelezo ya makosa yanayotarajiwa. Tunawashauri wakuu wa shule wasinunue isiyo nayo.

*Kwa wazazi:* mtoto akileta ripoti, mwulize mwalimu mambo mawili: mtoto wangu amekwama wapi katika hisabati, na mtafanya nini kuhusu hilo muhula ujao. Mwalimu mwenye majibu hayo anamjua mtoto wako, hata kama alama bado ni ndogo.

*Kwa vyombo vya habari:* matokeo ya PLE yanapotoka, nafasi mnayoipa orodha ya shule bora na picha za watoto waliopata jumla ya alama nne, iliyo bora kabisa, wapeni pia watahiniwa waliofeli hisabati. Waulizeni wahusika wote, sisi tukiwemo, walijua lini kwamba watoto hao wamekwama.

10. Hitimisho

Hatuombi mtihani mpya. Tunaomba mitihani iliyopo ipungue pale isipotumika, na inayobaki itumike hadi mwisho. Kwa muhula ujao tunaomba jambo moja ambalo shule yoyote ya Kampala inaweza kulifanya bila kusubiri waraka: wiki ya kwanza, badala ya mtihani wa kununua na orodha ya nafasi, kila darasa kuanzia P3 lipewe jaribio fupi la stadi za msingi zilizofundishwa mwaka uliotangulia, na mpango wa masomo ya wiki tatu zinazofuata uandikwe kutokana na majibu ya watoto. Shule itakayofanya hivyo itakaribishwa kuwasilisha iliyoyaona, pamoja na yaliyoishinda, katika vikao vyetu vya tarafa. Wanachama wetu wataanza katika madarasa yao wenyewe.

Limetolewa Kampala, kwa niaba ya walimu wa hisabati wa tarafa za Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga.